Tarakimu Sita

Njia mbili hazikumshinda fisi. Pua alikuwa nayo, miguu minne alikuwa nayo, na harufu ya nyama alijua inatoka upande gani. Waliomshinda ni wale waliojipanga njia panda, huyu kamshika sikio, yule kamshika mkia, wote wakiapa kwamba wanampenda.

Sumni aliyawaza hayo baadaye. Saa ile, alasiri ya siku ya mwisho ya kuthibitisha vyuo, hakuwaza kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya pili ndani ya duka la steshenari, mkono juu ya kipanya, anasoma kwa mara ya tatu maneno yaliyokuwa kwenye kioo.

*Umethibitisha nafasi yako: Chuo cha Bustani, Shahada ya Fedha. Jana, saa tisa na dakika kumi alasiri.*

Jana saa tisa alikuwa upande wa pili wa mji, amebeba mfuko wa sare za shule ambazo mama yake, fundi cherehani, alimtuma azipeleke kwa mteja. Hakuwa amegusa kompyuta yoyote.

"Chapa," aliita bila kugeuka, "mashine yako imechanganyikiwa."

Chapa lilikuwa jina la mtaani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Mtaa ulimjua kwa kazi yake. Alichapa barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi, mialiko ya harusi na matangazo ya misiba, na kila msimu wa udahili ulipofika vijana walipanga foleni mpaka barabarani awajazie maombi ya vyuo. Wengi wao simu zao hazikuwa za kutegemea, leo laini hii, kesho ile. Basi kwenye kisanduku cha namba ya simu Chapa alijaza ya kwake, mambo yakaenda. Nusu ya wanafunzi wa mtaa ule walikuwa wamesajiliwa kwa namba moja.

Sumni alikuwa mmoja wao. Miezi minne iliyopita simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na Chapa alipomuuliza aweke namba gani, alicheka. "Weka yako tu. Kwani wewe na mimi tuna siri?"

Sasa aligeuka. Chapa alikuwa nyuma ya kamera, anampiga picha ya kitambulisho mteja mmoja, fundi bomba mwenye kipara, ambaye alikuwa amevaa koti jeusi la duka juu ya ovaroli lake. Koti lile lilining'inia msumarini mwaka mzima likisubiri watu wasio na koti. Ukikusanya vitambulisho vya mtaa ungedhani wote ni wa ukoo mmoja uliorithishana vazi.

"Haijachanganyikiwa," Chapa alisema polepole. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nimekuthibitishia. Jana. Bustani."

Fundi bomba alikohoa. "Kijana, nitabasamu au nisitabasamu?"

"Usitabasamu," alisema Sumni.

Akasimama. Tatizo la Chapa, tangu siku ya kwanza, lilikuwa macho yake. Yalikutazama kwa namna iliyokufanya uhisi umesema jambo la busara, hata kama umeomba kalamu tu. Kwa macho hayo Sumni aliwahi kununua bahasha kumi na nne katika wiki moja, naye hana hata mtu mmoja wa kumwandikia barua. Leo macho hayo yalikuwa yanaangalia sakafu.

"Nitazame."

Akamtazama. Yalikuwa mekundu, macho ya mtu aliyelala vibaya.

"Wiki mbili, Chapa. Wiki mbili nimelala na ile mitaala miwili kama mtu anayelala na wagonjwa. Nimeisoma somo kwa somo, kalamu ya kijani huku, nyekundu kule. Ni wewe uliyenichapia, kurasa themanini, ukasema nisikulipe. Nilikwambia nini Jumapili?"

"Ulisema Mnara."

"Nilisema kwa nini?"

"Kwa sababu ya bima."

"Basi hukuwa kiziwi."

Na sababu ilikuwa hiyo, haikuwa na pambo. Bustani kilikuwa chuo chenye jina, lango lake limechongwa, ukikitaja kwenye msiba watu wanakusogezea kiti. Lakini kilikuwa safari ya siku nzima kwa basi, na shahada yao ya fedha ilianza na miaka miwili ya biashara kwa jumla, masoko, usimamizi, utangulizi wa hiki na kile. Fedha yenyewe ulionjeshwa mwaka wa tatu, kama chumvi. Mnara kilikuwa hapa hapa mjini, ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani, hakina hata ua la kupigia picha. Ila walifundisha hisabati ya bima kuanzia muhula wa kwanza, na mwaka wa mwisho walimpeleka mwanafunzi miezi sita kazini. Sumni alikuwa na deni na bima. Miaka mitano iliyopita lori la baba yake lilipinduka mlimani, kampuni ikakataa kulipa kwa ajili ya sentensi moja iliyojificha ukurasa wa kumi na moja. Tangu hapo baba hushinda kibarazani na mguu wake mbovu, na mama hushinda juu ya cherehani. Sumni alitaka kujua ni nani huandika sentensi kama zile, na huzipigia hesabu vipi. Alitaka siku moja aziandike yeye.

"Kwa nini?" aliuliza sasa. "Mimi nilikupa sababu yangu, nipe yako."

Chapa alipangusa vidole vyake vyenye wino kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Mama yako alikuja."

"Lini?"

"Jana. Ulipoondoka tu na zile sare."

Sumni alikaa tena. Sare. Mteja mwenyewe alishangaa kuziona, akasema, mbona tulipatana Ijumaa?

"Hakunitukana," Chapa aliendelea. "Angenitukana ningejua la kujibu. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia, mwanangu Chapa, wewe ni kijana mwema, ndiyo maana nakuogopa. Mhuni angemchoka. Akasema wewe unachagua Mnara kwa ajili yangu. Eti hakuna mtu mwenye akili timamu anayeacha Bustani kwa sababu ya hisabati. Akasema kule Bustani yupo mama yako mdogo, utakaa kwake, utasoma, utaona watu. Nami nikafikiri…" Aliitazama mashine ya kopi. "Mimi nimeishia kidato cha nne, Sumni. Nikafikiri, ukibaki, iko siku utanitazama hapa nyuma ya mashine ya kopi, utahesabu ulichopoteza. Nikafunga mlango. Nikalia. Halafu nikathibitisha. Nilijitoa."

Alisema neno hilo la mwisho kwa upole mkubwa. Akasubiri. Sumni alielewa, taratibu, alichokuwa anakisubiri Chapa: machozi yake, kichwa chake begani, *Chapa wangu, umenipenda mpaka huko?* Alikuwa ameiandaa zawadi hii usiku kucha.

"Mtu hujitolea kilicho chake," alisema Sumni. "Wewe umechinja mbuzi wa jirani, kisha unalia kwamba umetoa sadaka."

"Nilikuwa nakupenda!"

"Ulikuwa unanipenda bila kuniuliza. Mlikaa wawili mkanigawana. Yeye aondoke na chuo, wewe ubaki na sifa. Mimi nilibaki na nini?"

"Nisameheni," fundi bomba alisema akiwa bado ameganda mbele ya kitambaa cheupe, "mimi sipo hapa. Nipigwe picha tu niende."

Hakuna aliyemsikia. Sumni alikuwa amegeukia kioo. Chini kabisa, kwa maandishi ya mchwa, kulikuwa na mstari: *Mwombaji anaweza kubadilisha uthibitisho wake mara moja, kabla ya dirisha kufungwa leo saa kumi na moja jioni.* Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini. Akabonyeza, akasoma kwa sauti kilichotokea:

*Namba ya siri yenye tarakimu sita imetumwa kwenye simu yako. Itadumu dakika kumi.*

Simu ilitetemeka juu ya kaunta, simu ya Chapa, kando ya gundi na mkasi. Wote wawili waliitazama. Chapa alikuwa karibu zaidi. Akaifunika kwa kiganja.

"Nipe."

"Sumni, nilimwahidi."

"Nipe namba yangu, Chapa."

"Usimpe!"

Mama alikuwa mlangoni. Banda lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, na bila shaka alikuwa amemwona bintiye akiingia, akahesabu dakika. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni, na pini tatu zilikuwa zimechomekwa kifuani pa gauni kama nishani.

"Shikamoo, Mama," Chapa alisema, mkono ukiwa juu ya simu.

"Marahaba. Shikilia hapo hapo." Akaingia, akamwona fundi bomba. "Na wewe baba, unafanya nini?"

"Mimi sipo."

"Vizuri. Endelea kutokuwepo." Akamgeukia bintiye. "Inuka twende nyumbani."

"Nikimaliza."

"Umeshamaliza. Una Bustani. Watu wanafunga na kusali wapate Bustani, wewe unaitupa kama ganda la ndizi."

"Mama, ulinituma nipeleke sare ambazo mteja hakuzihitaji mpaka Ijumaa."

Mama hakupepesa. Alikuwa mwanamke ambaye akikata kitambaa hakati mara mbili. "Nilikutuma. Na ningekutuma mpaka mwisho wa dunia. Unajua mimi nilikuwa na barua ya chuo cha ualimu? Hujui, sikuwahi kukwambia. Ilikuwa na muhuri na nembo. Baba yako alikuwa tingo wa lori wakati huo, ana meno mazuri, anajua kucheka. Akaniambia, utaenda mwakani. Barua nikaiweka chini ya godoro. Mwakani nikawa na tumbo lako." Aliishika futi kwa mikono miwili. "Simlaumu baba yako, na meno bado anayo. Lakini nilipokuona unaweka alama za kijani kwenye chuo ambacho kwa bahati tu kiko dakika ishirini kutoka duka la kijana huyu, nikaiona barua yangu."

Mashine ya kopi, iliyoachwa inawaka, ilikuwa inapumua joto lake.

Sumni hakuwa amejua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameona mikono ile ikipitisha uzi kwenye tundu la sindano, hajawahi kuifikiria imeshika chaki. Alitamani kuvuka hatua zile mbili amkumbatie. Alijua pia kwamba akivuka, amekwisha. Dakika kumi zitaisha, saa kumi na moja itagonga, na watalia pamoja vizuri sana mpaka kituo cha basi la Bustani.

"Pole, mama," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuombwa. "Kweli pole. Wewe uliacha chuo kwa ajili ya mwanamume. Mimi unataka niache chuo kwa ajili ya kumkimbia mwanamume. Tofauti iko wapi? Kote kote ni mwanamume ndiye anayechagua. Yeye mwenyewe hata hajaombwa, maskini, anauza kopi zake."

"Usinichezee maneno."

"Sichezi. Uliuliza hata mara moja ile kijani ilikuwa ya nini? Uliufungua mtaala? Angalau ukurasa mmoja?"

Mama aliikunja futi kidoleni, akaikunjua.

"Zimebaki dakika nne za ile namba," alisema fundi bomba, macho kwenye saa ya ukutani. "Sipo, lakini zimebaki nne."

Sumni alinyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja juu. Alikuwa amewahi kukinyoosha hivyo mara nyingi, na Chapa alikuwa amekijaza vitu vingi: pipi, chenji, mara moja kidole chake kidogo, wakakaa hivyo mpaka mteja alipogonga kaunta.

"Niambie kitu kimoja," Chapa alisema kwa sauti ya chini, ya wawili tu, ingawa walikuwa wanne. "Kitu kimoja, nitakupa. Mimi nimo? Katika hiyo Mnara yako, hata kidogo, mimi nimo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, wenye faida kwa kila mtu. *Umo.* Herufi tatu tu na angeupata mkono wake na namba yake kwa pamoja. Mama angepata ushahidi wake, Chapa angepata sababu ya kuishi, na yeye angeingia Mnara miaka mitatu akiwa amebeba neno ambalo si la kweli.

"Hapana, humo," alisema. "Kwenye moyo wangu umejaa tele mpaka pananiuma, wewe unajua. Lakini kwenye kuchagua chuo humo. Ningechagua Mnara hata kama ungekuwa umezaliwa Bustani."

Aliona neno likimwingia. Alimwona akipungua, mabega, shingo, yale macho. Akafikiri, hatanipa.

"Nne," Chapa alisema, akitoa kiganja juu ya simu.

"Wewe kijana!" Mama alipiga hatua.

"Samahani, Mama. Nilikuahidi kitu kisichokuwa changu." Aliinua simu. "Nne. Sifuri. Saba. Saba. Moja…" Akamtazama Sumni. "Tisa."

Sumni alibonyeza. Kioo kilifikiri, kikafikiri, kama karani anayetafuta miwani. Kisha:

*Umethibitisha nafasi yako: Chuo cha Mnara, Shahada ya Fedha. Hongera.*

Fundi bomba alipiga kofi moja, akakumbuka hayupo.

Sumni hakuinuka. Alitafuta ukurasa wa taarifa zake binafsi, akafika kwenye kisanduku cha namba ya simu, akafuta tarakimu moja baada ya nyingine na kuandika za simu yake mpya. Mfumo ukataka namba ya siri mara ya mwisho, Chapa akaisoma bila kuombwa, naye akaiandika bila kumtazama. Halafu akafunga.

"Kwa hiyo utakuwa karibu," Chapa alisema. Alijaribu kutabasamu. "Dakika ishirini."

"Nitakuwa karibu."

"Nikusubiri jioni? Siku ya kwanza, langoni?"

"Usije, Chapa."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nikiweza kukutazama nisione ile saa tisa na dakika kumi, nitakuja mwenyewe. Huenda ikawa mwezi. Huenda isiwe. Usinipigie hesabu."

Hapo ndipo alipolia, Chapa, waziwazi, bila kitambaa, na ilimchoma Sumni mpaka akashika ukingo wa kaunta. Alimpenda kuliko jana. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ingekuwa rahisi kama angempenda kidogo.

Mama alikuwa amechomoa pini moja kifuani, anaichomeka, anaichomoa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na ukali tena.

"Haya. Umeshinda. Umenivua nguo mbele ya kijana wa watu na mbele ya fundi bomba. Umeniambia mimi mama yako kwamba sijui kusoma. Huyu naye umemliza dukani kwake. Sema samahani, mwanangu, yaishe. Twende nyumbani, baba yako nitamweleza mimi."

"Sema tu, Sumni," Chapa alisema akifuta uso kwa mkono wa shati. "Neno moja. Mimi nimeshasema langu, halikuniua."

Walikuwa wanamtazama wote wawili, na katika nyuso zao mlikuwa na huruma, na matumaini. Lilikuwa neno jepesi kweli. Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza kila alipokanyagwa mguu na mtu mwingine. Alilisema kwa wateja waliochelewa kulipa, kwa mbuzi wa watu, kwa milango. Angelisema sasa, wangetembea watatu mpaka barabarani, na kufikia wiki ijayo habari ingekuwa hivi: Sumni alikasirika, akakosa adabu, akaomba radhi, wakamsamehe.

Alichukua mkoba wake, akauvaa begani.

"Nikirudi nitakupikia, mama, na kesho nitapeleka sare zote unazotaka, hata zile za kweli. Chapa, mashine yako ya pili, ile herufi ya M inakwama, itengeneze. Lakini kwa hili siombi radhi. Siombi leo, sitaomba nikiwa na shahada mkononi. Siombi."

Akatoka.